Meza Mbili, Injini Moja

Musyoka hakuwa mwongo mzuri. Katunge, mkewe, alikuwa akisema kwamba mumewe akidanganya, masikio ndiyo hukiri kwanza, na hakuwa ametia chumvi nyingi: yalikuwa yanawaka kweli. Kwa hiyo mwaka ule wa sitini na sita, alipoamua kuidanganya serikali, aliona heri uongo wenyewe autengeneze kwa chuma na bolti, vitu ambavyo angalau alivijua.

Jambo lilikuwa hivi. Nyuma ya nyumba yake mtaani Waberi, chini ya paa la mabati, Musyoka alikuwa na karakana ndogo: msumeno wa meza mmoja, injini ya dizeli moja, na mwenzake mmoja, Dagane. Musyoka alikuja Garissa kutoka Mwingi kuweka madirisha kwenye nyumba za watumishi wa serikali, madirisha yakaisha, yeye akabaki. Dagane, Msomali, alizaliwa hapohapo, na Kiswahili chake kiligeuza p kuwa b na v kuwa f. Ukame ulipomaliza ngamia wa baba yake, akaingia kwenye mbao, na kwa miaka minne walifanya kazi pamoja bila ugomvi wa maana.

Kisha vita vya shifta vikaja na mambo yake: kafyu, malori ya kwenda kwa msafara, askari kila kona. Na wiki hiyo likabandikwa tangazo. Wasomali wa mjini wasio na kazi inayojulikana wangepakiwa kwenye malori na kuhamishiwa kijiji kilichozungushiwa miiba, mbali na mji. Wenye kazi wangeandikwa na kupewa cheti cha kubaki. Ofisa angepita karakana zote siku ya Alhamisi.

Dagane alisoma tangazo lile mara mbili, akarudi kazini akapiga randa ubao uliokwisha kupigwa randa. Mke wake, Arbia, alikuwa na mimba ya miezi minane. Mtoto wao wa kwanza alikufa njiani, kwenye lori, akipelekwa hospitali. Musyoka alilijua hilo kwa sababu ndiye aliyelitengeneza jeneza dogo la kumbebea makaburini.

Tangazo halikusema ofisa angeuliza nini, basi watu wakajaza wenyewe. Sokoni ilisemwa kwamba ataangalia kitu kimoja tu: je, tajiri wa karakana anaweza kufanya kazi peke yake? Akiweza, huyo mwingine hana kazi, apande lori. Fundi wa baiskeli alisema hivyo, muuza kuni naye akasema hivyohivyo, na siku zile jambo likisemwa na watu wawili lilikuwa limeshakuwa sheria.

"Msumeno mmoja ni mtu mmoja," Musyoka alisema Jumatatu asubuhi. "Hata kipofu ataona. Lakini tukiwa na miwili?"

Wa pili ulikuwepo pale kwenye kona, umefunikwa magunia, kuku wakitagia juu yake. Uliachwa na mkandarasi wa barabara aliyeondoka vita vilipoanza. Haukuwa na injini, lakini shafti yake ilizunguka na meno yake yalikuwa mazima.

"Tunaunganisha meza zote mbili ziwe moja," Musyoka akaeleza. "Injini moja katikati, mikanda miwili. Mimi nasukuma ubao, wewe unapokea. Ofisa akija nitamwambia, bwana, peke yangu siwezi."

"Lakini unaweza," Dagane alisema.

"Mimi najua naweza. Yeye hajui."

Dagane alimtazama masikio. "Basi siku hiyo faa kofia, walaal, ndugu yangu."

Wakaanza. Meza ya mkandarasi ilikuwa fupi kwa upana wa kidole gumba, nayo haikuwa fupi kwa usawa, kwani mguu mmoja ulikuwa umepinda. Walijaza maji kwenye mpira wa mita tatu, mmoja akashika ncha hii na mwingine ncha ile, wakawa wanapiga kelele juu, chini, juu, chini, huku wakisukuma vipande vya debe chini ya miguu mpaka maji yakakubali kulingana ncha zote mbili. Kisha Musyoka akatoboa vyuma viwili vya pembe, akazifunga meza kwa bolti nane. Alipopitisha kiganja kwenye maungio, hakuhisi ukingo wowote. Alifurahi kuliko ilivyompasa mtu anayejiandaa kudanganya.

Mikanda ndiyo iliyowatoa jasho. Puli za misumeno yote miwili, yale magurudumu ya kuvutia mikanda, zilikuwa upande wa kulia, na injini ilitakiwa ikae katikati. Njia ilikuwa moja tu: msumeno wa Dagane ugeuzwe, utazame upande wa pili, ili puli zikutane. Ikawa Musyoka anasimama upande wa ua, na Dagane anasimama upande wa nyumba, kila mmoja mbele ya msumeno wake. Walipenda jinsi ilivyoonekana. Nani angethubutu kusema hiyo ni kazi ya mtu mmoja?

Jumatano asubuhi wakawasha injini. Msumeno wa Musyoka ukapasua kama kawaida. Dagane akasogeza kipande cha ubao kwenye wake, na kabla hajakisukuma, kipande kikachomoka mikononi mwake, kikaruka juu ya ua, kikatua kwa jirani. Kuku wakapiga mayowe. Jirani naye akapiga yake.

Musyoka alizima injini. Alimshika Dagane mikono akahesabu vidole, kisha akavihesabu tena. Vyote kumi vilikuwepo.

"Unazunguka kinyume," Musyoka alisema. "Tumeugeuza msumeno, lakini injini haijageuka."

Walikaa chini. Shafti nyingine haikuwepo Garissa nzima, na msafara wa malori ungefika Jumamosi. Katunge akatoka ndani, futi ya kushonea ikining'inia shingoni, kuuliza kama wanafanya kazi au wanapigana na majirani. Wakamweleza. Akainama akatazama ile mikanda.

"Unakumbuka uliponibadilishia mkanda wa cherehani?" alimwuliza mumewe. "Ukauvalisha umepinda. Nikikanyaga mbele, gurudumu linarudi nyuma, nikakata uzi asubuhi nzima nikidhani nimerogwa."

"Nilikuwa na haraka siku hiyo."

"Sasa pinda hivyohivyo. Lakini leo pinda makusudi."

Wakautoa mkanda wa msumeno wa Dagane, wakaupindua mara moja katikati, ukakaa kwenye puli kwa umbo la nane. Musyoka akawasha. Dagane akasogeza ubao kwa uangalifu wa mtu anayelisha simba, na msumeno ukaukata safi, unga wa mbao ukamwagika chini. Katunge alirudi kwenye cherehani yake bila kungoja shukrani, jambo lililomaanisha kwamba angeidai mwaka mzima.

Alhamisi ofisa alifika saa nne. Alikuwa kijana mwembamba, jina lake Bwana Lazarus, amebeba daftari kubwa, na askari mmoja akabaki mlangoni. Hakuketi alipopewa kigoda. Aliizunguka meza, akapitisha kiganja kwenye maungio, akainama kutazama mkanda uliopindwa.

"Mmeunganisha wenyewe?"

"Ndiyo, bwana," Musyoka alisema. "Kazi imekuwa nyingi. Mtu mmoja hawezi." Masikio yakaanza kupata moto.

"Hawezi?" Ofisa alichagua ubao mrefu ukutani, akauweka mezani. "Upasue inchi nne. Kisha ukate vipande vitatu vya futi tatu. Peke yako. Huyu mwenzako asimame kule."

Dagane akaenda akasimama kando ya mlango, karibu na askari.

Musyoka aliwasha injini. Alijua la kufanya: ubao ukifika katikati, auachie kidogo, uyumbe, yeye apige kelele za kuomba msaada. Ni jambo dogo. Alijiambia, sasa. Ubao ukafika katikati. Akajiambia tena, sasa, achia. Lakini mikono ile ilikuwa imesukuma mbao kwa miaka kumi na minane na haikuwahi kuombwa kuharibu hata mmoja. Ubao ukaenda mpaka mwisho, umenyooka. Akauzungusha kwa upande wa pili wa meza, akautandaza juu ya meza zote mbili, zikaubeba wote bila kuinama. Akakata kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akavisimamisha pamoja. Vilikuwa sawa kabisa.

Hapo ndipo alipozima injini na kumwona Dagane. Dagane hakuwa anamtazama usoni. Alikuwa anatazama vile vipande vitatu.

"Kumbe unaweza," ofisa alisema.

Musyoka angetaka ardhi immeze na daftari lile pia. "Naweza, bwana," alisema. "Lakini nakuomba, mke wake..."

Ofisa aliinua kalamu kumnyamazisha. "Wewe. Jina?"

"Dagane Aden."

"Njoo. Chukua ubao mwingine, fanya alichofanya yeye. Tajiri wako asikuguse."

Dagane alikuja polepole. Aliuinua ubao, akafunga jicho moja na kuutazama kwa urefu, akaugeuza ili upande uliobonyea ulale chini. Musyoka hakuwa ameugeuza wake. Akawasha, akapasua, akazunguka meza, akakata. Kipande cha pili alikiona kimebaki na nyuzi pembeni, akakipitisha tena bila kuambiwa. Alipomaliza, alivipanga vyake mbele ya vya Musyoka na kurudi nyuma hatua moja.

Ofisa alivipima kwa futi yake mwenyewe. Kisha akafungua daftari, akaandika, akasema kwa sauti huku akiandika: "Dagane Aden. Fundi wa msumeno. Abaki." Akapiga muhuri juu ya goti lake, akachana karatasi akampa.

Musyoka alijua ni afadhali anyamaze, lakini alikuwa hajiwezi tena. "Bwana, samahani. Lakini umeona mtu mmoja anatosha."

"Nani ameniuliza kama mtu mmoja anatosha?" Bwana Lazarus alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Karatasi inauliza kama mtu ni fundi. Tangu asubuhi naonyeshwa mafundi waliofunzwa jana usiku. Kule mtaa wa pili nimemkuta mwenye karakana ananiapia kwamba peke yake hawezi, lazima mwenzake ashike ubao. Nikamwambia haya, mwenzako ni mshika ubao. Mshika ubao si fundi. Anapanda lori."

Akafunga daftari. Mlangoni akageuka kusema kwamba ule mkanda wa umbo la nane wauwekee kinga, usije ukala nguo ya mtu. Kisha yeye na askari wakaenda zao.

Musyoka aliteleza chini akiegemea mguu wa meza, akaketi kwenye unga wa mbao.

"Nilitaka kuuachia," alisema. "Nimejiambia mara mbili. Mikono ikakataa. Nisamehe."

"Nimeona." Dagane alikaa karibu naye, karatasi ameibana kwa vidole viwili isichafuke. "Nilikuwa naangalia mkono yako, nasema moyoni, achia, achia, ewe mtu, achia."

"Umenikasirikia?"

"Kibande ya kwanza, sana. Wallahi, ningekubiga. Kibande ya bili nikasema, basi, Mungu anajua. Ya tatu," Dagane akafikiri, "ya tatu nikaona tu ni kazi safi."

Musyoka akaanza kucheka, na kicheko kikageuka katikati, ikabidi ajifute macho kwa mkono uliojaa vumbi, yakawasha zaidi. Dagane alimwacha amalize. Kisha akainuka, akakung'uta makalio, akaenda kwenye mlango wa ua kumpelekea Arbia habari. Pale akasimama.

"Walaal," alisema. "Ungefaulu kuniokoa, leo ningebotea."

Akatoka mbio. Musyoka hakuinuka. Alihesabu nyumba moja, ya pili, na kutoka ya tatu akasikia kigelegele cha Arbia, kirefu, kikikatika kwa kukosa pumzi na kuanza upya.