Kasha la Mtu Asiyetoka Nje

Mkamwana wake alipoanza kuwasifu minyoo, Mama Dawa alijua hapa pana jambo.

Hebu fikiria mwenyewe. Mwanamke huyu, mwalimu wa chekechea, ndiye aliyepanda juu ya kochi na viatu vyake kwa sababu ya mende, tena mende mmoja aliyekwisha kufa. Leo huyo huyo amekaa mezani, meno yote nje, anasema, "Mama, kuna minyoo wekundu wazuri sana. Wanakula maganda ya jikoni. Unawaweka kwenye kasha pale kibarazani petu, wanakutengenezea mbolea. Wala hawanuki."

"Wazuri," akasema Mama Dawa.

"Ndiyo, mama."

"Minyoo."

"Twende tu ukawaone. Kasha utachagua mwenyewe. Wewe ndiye utakuwa msimamizi wao."

Mh! Msimamizi! Mama Dawa alikuwa amepiga deki wodi za hospitali karibu maisha yake yote ya kazi, na alishaona watu wangapi wakipewa vyeo vitamu wiki moja kabla ya kuonyeshwa mlango. Machale yakamcheza. Akanywa chai yake taratibu, akajitia hamnazo.

Jina hilo la Mama Dawa alipewa na watoto wa jengo, kwa sababu hakuna kitu alichokipita bila kukipulizia dawa ya kusafishia: vitasa, viti, hata vitufe vya kengele. Kichupa chake kilikaa mkobani, mahali ambapo wanawake wengine huweka kioo na wanja. Aliishi ghorofa ya nne na mwanawe na huyu mke wa mwanawe. Mwana mwenyewe alikuwa dereva wa lori, mtu wa kuonekana nyumbani kama mgeni, kwa hiyo jiko lilikuwa la wanawake wawili, walioishi kwa adabu nyingi na macho ya pembeni.

Sasa ni lazima nikueleze habari za ndoo, la sivyo hutaelewa kwa nini minyoo walimkosesha mama wa watu usingizi.

Kila asubuhi, mwalimu akishaondoka, Mama Dawa alichukua ndoo ya taka za jikoni akashuka nayo ngazi mpaka kwenye mapipa nyuma ya jengo. Lifti ilikuwepo, kwa maana ya kwamba mlango wake ulikuwepo. Akishamwaga, hakupanda. Thubutu! Chini ya ngazi, pale mlangoni, shoga yake fundi cherehani alikuwa ameweka mashine yake na benchi. Mama Dawa aliketi kwenye benchi hilo, akapokea habari za jengo zima, akazirekebisha, akaongeza chumvi kidogo, akazirudisha. Nani amehama, nani amegombana na nani, nani ananenepa kwa furaha na nani kwa mimba. Akipanda juu saa ya mchana, alikuwa mtu mwingine.

Na ndoo ndiyo iliyokuwa ruhusa yake. Mwanawe alishampiga marufuku: "Mama, ngazi basi. Magoti hayo!" Naye akajibu, "Na taka nani atamwaga? Mkeo asubuhi anatoka mbio mbio. Au mnataka tuoze humu ndani?" Mwana akanywea. Lakini minyoo wakila maganda hapo hapo juu, ndoo itakuwa na kazi gani? Na bila ndoo, ngazi atazishuka kwa kisingizio gani?

"Wanataka kunifungia ndani," akamwambia shoga yake.

Fundi akaondoa pini mdomoni. "Na minyoo ndio askari jela?"

"Cheka tu."

"Sicheki. Nenda nao huko dukani, halafu kila kasha litie kasoro. Kubwa, sema kubwa. Dogo, sema dogo. Watachoka wenyewe."

Mama Dawa aliupenda ushauri huo. Jumamosi ilipofika akavaa, akajitanda, akaenda na mkamwana wake kama mtu anayekwenda kutoa ushahidi.

Muuzaji alikuwa na banda la bati nyuma ya kitalu cha miche. Alikuwa mtu mzima, mpole, amevaa aproni ya turubai. Akaamkia kwa heshima, na Mama Dawa akaitikia, "Marahaba. Kucha zako."

"Udongo tu huo, mama. Ndiyo kazi."

"Hata uchafu wa wodini ulikuwa kazi. Kucha tulikata."

Mwalimu akacheka kicheko kile cha kumtuliza mzazi aliyekuja shuleni na hasira. Mama Dawa akakisikia, akakiweka akiba.

Wakaonyeshwa kwanza kasha la trei zinazopandana, refu, na bomba dogo chini la kutolea maji. Muuzaji akaeleza kwamba unaanza na trei ya chini, ikijaa unaweka nyingine juu yake yenye chakula kipya, na minyoo wakimaliza huku wanapenya kwenye matundu kwenda kule.

"Yaani wanapanda ngazi?" akauliza Mama Dawa.

"Tunaweza kusema hivyo, mama."

"Ala! Wao wanaruhusiwa."

Mwalimu akainama akawa anasoma kibandiko ambacho hakikuwa na maandishi ya maana. Mama Dawa akasema kasha lile ni refu mno, likianguka litamuua mtu, tufuate jingine.

Jingine lilikuwa mfuko mzito wa kitambaa uliotundikwa kwenye fremu ya chuma. Takataka unatia juu, mbolea inatoka chini. Huu akaukataa kabla muuzaji hajamaliza kufungua mdomo. Alisema ameshaburuta mifuko ya aina hiyo ya mashuka machafu mpaka mgongo ukapinda, hataki kuuona tena hata kwenye ndoto.

La tatu lilikuwa beseni pana la plastiki, fupi, lenye kifuniko na matundu ya hewa, na kando yake kulikuwa na dogo lake la muundo ule ule. "Kwa mtu anayeanza, mimi ningechukua aina hii," akasema muuzaji. "Minyoo hawa hawachimbi kwenda chini sana. Wanataka upana, si kina. Unawatandikia karatasi na maboksi yaliyochanwa, unaloweka kidogo, yawe kama kitambaa kilichokamuliwa. Ukiwapa chakula kidogo kidogo hawanuki. Wanaonuka ni wale waliolishwa kupita kiasi."

"Wana matandiko?" akauliza Mama Dawa.

"Bila matandiko hawaishi."

Loo! Hapo moyo ulimcheza kidogo, tena akajichukia. Kitu cha kutandikwa, cha kufunikwa, cha kuangaliwa unyevu wake asubuhi na jioni! Mtego mzuri ndio huo, akajiambia, unategwa kwa kitu unachokipenda. Akakunja uso akauliza wanahitaji kivuli au jua, wanakimbia au hawakimbii, wakifa wanafanywaje. Muuzaji akajibu yote. Mtu asiyekasirika akiulizwa maswali mengi namna hiyo, Mama Dawa alimshuku zaidi.

Ndipo muuzaji, masikini, kwa nia njema kabisa, akamgeukia mwalimu. "Basi ni hili dogo nililokuwekea. Kama ulivyosema kwenye simu, liwe jepesi, la kukaa ndani, la mtu asiyetoka nje."

Mwalimu akamkonyeza muuzaji, lakini alikuwa amechelewa.

"Mtu asiyetoka nje," akasema Mama Dawa.

"Mama, si kwamba..."

"Kumbe mimi sitoki nje. Ahsante kwa kunijulisha."

Mwalimu akamvuta muuzaji pembeni, kwenye miche, wakaanza kunong'onezana. Mama Dawa akabaki peke yake mbele ya lile beseni pana la maonyesho, lenye minyoo tayari ndani. Na mikono yake, moyo ukimchafuka, ilijua dawa yake, miaka nenda rudi: husafisha. Wakati wa msiba ilisafisha, siku mwanawe alipooa ilisafisha. Akatoa kichupa mkobani bila hata kujua ametoa. Akapuliza kifuniko, akafuta. Akapuliza ukingo, akafuta. Kona moja ya ndani ilikuwa na utelezi wa kijani, ikamkera, akaipuliza hiyo nayo, mara mbili, tatu, kwa bidii.

Beseni likaamka. Minyoo wakatoka karatasini kwa mkupuo, wakapanda kuta, wakavuka ukingo, wakadondoka mezani, wakaendelea na safari mpaka sakafuni, kila mmoja kwa njia yake.

"Mama!" akapiga kelele muuzaji. "Umewapa nini?"

Mama Dawa akatazama kichupa mkononi mwake kama mtu aliyekabidhiwa na mwingine.

"Umefanya makusudi!" Mwalimu alikuja mbio, akasimama hatua chache kutoka kwa minyoo, hawezi kusogea, machozi yanamlengalenga. Sauti ya chekechea ilikuwa imepotea kabisa. "Hukutaka tangu mwanzo, ndiyo maana! Umewaua makusudi!"

"Nimesafisha tu."

"Unadhani sijui? Wiki iliyopita nilisahau funguo, nikarudi nyumbani. Nikakukuta ghorofa ya pili, umekaa kwenye ngazi, ndoo imepinduka, maganda yako mapajani. Huwezi kuinuka, mama! Jirani akapita, ukamwambia unapumzika."

Mama Dawa alihisi uso wote unawaka. Kwa hiyo ameonwa. "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Kwenye kona, hapo chini. Nilisimama mpaka ukainuka mwenyewe. Ningetokea ungenichukia."

Hilo lilikuwa kweli, na Mama Dawa hakulipinga. Lakini alikuwa na swali lake, alilolala nalo wiki nzima, akalitoa kwa ukali, akiwa ameshajiandaa kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Kwa hiyo ukaamua kunifungia ndani."

"Ndiyo," akasema mkamwana wake.

Hakusema *hapana mama, usifikirie hivyo mama*. Alisema ndiyo, akajifuta pua kwa mgongo wa mkono.

"Nilijua nikikwambia acha ngazi utakataa. Nikasema nikutafutie kitu cha kukuweka juu. Hata hao minyoo nawaogopa, nikiwatazama nywele zinanisimama. Ila ukianguka siku nikiwa kazini, mwanao nitamwambia nini mimi?"

Mama Dawa akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, maana magoti yalikuwa hayamtaki tena. Uchungu wake akausema kama ulivyo. "Kule chini ndiko ninakoishi, mwanangu. Pale benchini. Juu kwenu nalala tu."

"Sikujua."

"Uliniuliza?"

"Na wewe uliniambia?"

Muuzaji alikuwa amepiga magoti sakafuni, anaokota minyoo kwa mikono miwili, na aliwaambia wale wanawake kwa sauti ya mtu aliyechoka kwamba ambao hawakuguswa na dawa watapona, ila wapate maji safi na matandiko mapya, tena sasa hivi.

"Lete karatasi," akasema Mama Dawa. "Kutandika naijua kazi hiyo."

Akachana magazeti pale pale alipokaa, vipande vyembamba, vya upana mmoja. Akalowesha, akakamua, akatandaza, akarudia kona moja ambayo haikumridhisha. Muuzaji akamletea minyoo viganjani, yeye akawapokea mmoja mmoja, akiwatazama wanavyojikunja. Mwalimu aliokota mmoja, mmoja tu, kwa ncha za vidole na macho yamefumbwa, akamweka matandikoni. Mama Dawa hakumcheka. Si kwamba hakutaka.

Walipomaliza, akapiga ubavu wa beseni pana. "Tunachukua hili."

"Kubwa, mama," akasema muuzaji. "Kibarazani halitaenea."

"Halipandi juu. Litakaa chini ya ngazi, karibu na cherehani. Kivuli kipo, na maganda ya jengo zima yapo."

Mwalimu akafikiri. "Sawa. Ila ndoo nitashuka nayo mimi asubuhi, nikienda kazini."

Moyo wa Mama Dawa ukashtuka. Kumbe ni kule kule kufungiwa ndani, ila kwa njia ya mzunguko. Mwenye ndoo ndiye mwenye ruhusa, na ndoo inachukuliwa hivi hivi mbele ya macho yake. "Na mimi?" akauliza, na sauti iliyomtoka ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka.

"Wewe utashuka pamoja nami. Mikono mitupu, ushike chuma cha ngazi. Nitakuwa natoka mapema kidogo, twende polepole. Minyoo hawajilishi."

"Na kupanda? Mchana, wewe uko kazini. Nitapandaje?"

Akamkazia macho, anasubiri. Alijua sasa jibu tamu litakuja, la kumnyamazisha, jirani huyu, mtoto yule, utaona tu mama, mambo yatajipa.

"Sijui," akasema mkamwana wake. "Hilo bado sijalijua. Itabidi tuligombanie nyumbani."

Wiki nzima Mama Dawa alikuwa amesikia maneno matamu mezani, na hakuna hata moja alilolimeza. Hili akalimeza. Akafunika beseni, akahakikisha kifuniko kimekaa, kisha akamnyooshea mwalimu mkono.

"Hebu niinue hapa," akasema. "Peke yangu siwezi."