Musaidizi Mumoja wa Rumonge

Mimi Kulthumu sikusoma Kifaransa, lakini jina la mdogo wangu nalijua kulisoma hata likiandikwa kwa ukucha wa kuku. Basi siku ile nilifungua jarida la wanakemia lililomfikia kutoka Ubelgiji, nikapitisha kidole ukurasa mzima, nikageuza, nikarudia. Alimasi hakuna.

"Jina lako iko wapi?" nikamuuliza.

Alikuwa anakunywa chai, ametulia kabisa. Akanionyesha mstari mmoja chini, herufi ndogo kama mayai ya chawa. "Hapa, dada. Anamushukuru musaidizi mumoja wa Rumonge."

"Musaidizi! Na huyu aliyeko huku juu ni nani?"

"Profesa wangu."

Ala! Nilishika kichwa kwa mikono miwili. Mwaka wa uhuru ndio huyu Alimasi alipanda ndege kwenda kusomea kemia, na ndani ya sanduku lake alibeba kipande cha wavu wa baba yetu. Nyavu za pamba huku ziwani zinaoza upesi, ndiyo maana tunazichemsha kwenye pipa pamoja na magome ya miti. Alimasi aligundua kwamba ukichoma maganda magumu ya kokwa za chikichi ukapata lami yake, ukaichanganya na yale maji ya magome kwa kipimo chake, uzi unakaa misimu mitatu bila kuoza. Miaka minne kwenye labo, vidole vimeungua, macho mekundu. Leo eti musaidizi mumoja!

Yeye wala hakukasirika. Alirudi kazini hapa Rumonge, kwenye mambo ya mawese, akanunua daftari la shule. Rafiki yake wa kule Ulaya alikuwa anamwandikia, na kila mtaalamu aliyeutaja ule utafiti katika maandishi yake, Alimasi alimwekea mstari. Mjapani. Mhindi. Mnorwe. Jioni akishaandika anakuja jikoni anatabasamu.

"Dada, wamefika arobaini na mmoja. Utafiti ukitajwa hivi, maana yake unawafaa watu."

"Wanakutaja wewe ao wanamutaja yeye?"

"Wanautaja utafiti."

"Utafiti una mama? Una dada? Utakuja kunizika mimi, huo utafiti?"

Alicheka tu. Alimasi ukimpiga kofi atakuuliza kama mkono umekuuma. Wallahi nilikuwa nachukia upole ule.

Nikaona bora nifanye mwenyewe. Alipokwenda kazini nilifungua sanduku lake, nikatoa madaftari ya labo yenye tarehe na sahihi ya huyo profesa, nikampelekea Léonard, karani mstaafu aliyekuwa anawaandikia watu barua pale sokoni. Léonard alisoma, akavua miwani, akasema, "Mama Riziki, huu ni wizi." Akaandika barua kwa wenye jarida, kurasa nne, tukatia na ushahidi. Alimasi hakujua kitu.

Mwezi wa tatu mwaka 1972 likaja jibu limechapwa, nusu ukurasa. Wameomba radhi. Jina la kwanza kabisa: Docteur Alimasi Feruzi, Rumonge, Burundi. Alimasi alisoma amesimama, halafu akakaa chini sakafuni. "Dada, umefanya nini?" Akalia, halafu akacheka, halafu akalia tena. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Karatasi nikaitia fremu ya kioo, nikaitundika sebuleni chini ya picha ya Kaaba, nikaita wanawake wa mtaa wote kwa chai na maandazi.

Haikupita miezi miwili. Mwisho wa mwezi wa nne vita vikazuka hapahapa Rumonge, watu wakauawa, subhanallah, majirani tuliokuwa tunasalimiana asubuhi. Kisha wakaja askari na malori, wakaanza kukusanya wanaume waliosoma, eti hao ndio vichwa vya uasi. Walimu. Makarani. Léonard walimtoa kwenye meza yake ya sokoni, barua ya mtu ameifikisha katikati. Hakurudi. Sikuweza kula siku mbili.

Mume wangu Bakari alipata mtumbwi kule Kigwena, wa kumvusha Alimasi ziwa siku ya Ijumaa. Kabla ya hapo tulimvua shati na viatu, tukamweka uani kwenye pipa achemshe nyavu kama mtu asiyejua kalamu. Vitabu vyake nikavichoma. Daftari lake nikalichoma.

"Na ile fremu," Bakari akasema.

"Nitaitoa Ijumaa. Aende nayo."

"Mama Riziki, itoe sasa."

"Nimesema Ijumaa!" Ndivyo nilivyomjibu, Mungu anisamehe. Nilikuwa nimeipigania mno.

Alhamisi asubuhi wakaingia askari watatu. Mkubwa wao alimtazama Alimasi, mikono myeusi mpaka viwiko.

"Wewe unafanya kazi gani?"

"Napika nyavu, afande."

Akageuka kuondoka. Wallahi aligeuka! Halafu akasema ana kiu, akaniomba maji.

Kwetu mtu hapewi maji akiwa amesimama uani. Mama yangu angenikata kiganja. Ulimi wangu ukatangulia akili: "Karibu ndani, ukae."

Akaingia sebuleni, akakaa. Bakari alikuwa humo, amevaa kanzu safi, amempakata Riziki wetu. Yule askari alikunywa taratibu, akainua macho kwenye Kaaba, akayashusha. Akasimama. Akasoma kwa sauti, neno moja moja, mpaka kwenye jina.

"Docteur," akasema, akamshika Bakari mkono. "Simama."

Bakari alimweka mtoto chini akasimama. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alinitazama tu. Na mimi, mwanamke ambaye soko zima linaogopa mdomo wangu, nilikosa hata neno moja. Nikisema siye huyu, watamchukua ndugu yangu; nikinyamaza, watamchukua mume wangu.

Alimasi akatokea mlangoni, lami inamdondoka vidoleni.

"Muachilie shemeji yangu," akasema. "Kazi ile ni yangu. Niliifanya mimi, peke yangu."

Miaka sita nilikuwa namuomba aseme maneno hayo mbele za watu. Nilimrukia nikamziba mdomo kwa viganja vyangu viwili, na askari wakanibandua kidole kimoja kimoja.