Jumapili za Apolonia

Alojz Pytlik alikuwa na miaka sabini na moja alipopika kwa mara ya kwanza maishani mwake, na alipika ili mkewe arudi nyumbani.

Apolonia aliondoka siku ya tisa baada ya mazishi ya mama mkwe wake. Hakugombana na mtu. Alipiga pasi mashati yote ya mumewe, akayatundika kabatini, akapanda treni kwenda kwa dada yake Gienia, kwao, huko kaskazini-mashariki mwa Poland, karibu na mpaka wa Lithuania. Alojz alidhani amekwenda kupumzika. Ilipopita miezi miwili, binti yao Rita akampigia simu na kumweleza bila kupindisha maneno, "Baba, mama harudi. Kama unamtaka, mfuate."

Basi akaamua kumfuata, na kwa kuwa kwenda mikono mitupu ni aibu, akajifungia jikoni. Alifuata kipimo alichokiona kwa mama yake tangu utotoni: viazi vilivyopondwa unavishindilia bakulini, unavigawa robo nne, unatoa robo moja, na pengo lake unalijaza wanga. Ukishakanda unaviringa matonge madogo, kila moja unalibonyeza kwa kidole gumba ili mchuzi wa nyama upate pa kukaa. Hizo ndizo kluski za Silesia, mkoa wa kusini kwao Alojz, na Jumapili ole wake atakayeweka kingine mezani. Sufuria mbili za kwanza zote ziligeuka uji. Ya tatu ikakubali. Vidole vya mtu aliyechimba makaa ya mawe miaka thelathini havikuumbiwa unga, na mashimo yake yangeweza kubeba yai. Hata hivyo alijiona kidume kwelikweli.

Alifika kesho yake mchana, mgongo umekakamaa kwa treni mbili na basi moja. Gienia ndiye aliyefungua mlango.

"Heh! Shemeji! Umepotea njia? Tangu siku ya harusi tunakualika, leo ndiyo umeiona nyumba?"

"Ni mbali, shemeji."

"Dada yangu mbona ameweza, na mabegi yake?"

Apolonia alikuwa jikoni akikwaruza viazi vibichi, mikono imelowa hadi viwikoni, na alikuwa akiimba. Alojz alisimama kizingitini akijaribu kukumbuka ni lini alimsikia akiimba, asikumbuke. Wimbo ulikatika alipomwona. Akamkabidhi kopo alilobebea kluski zake, naye akalifungua na kutazama ndani kwa muda mrefu.

"Umepika mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe! Robo nne, toa moja, jaza wanga. Mama angenisifu."

"Ndiyo," alisema Apolonia. "Angekusifu."

Maneno yalikuwa yameshamtoka Alojz ndipo akatambua. Alikuwa amevuka nchi nzima kumletea mkewe chakula kilekile ambacho huyo mkewe alikipika kila Jumapili kwa miaka arobaini na miwili, mama mkwe akiwa amesimama nyuma yake, akihesabu mashimo. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Gienia, mwenye huruma kuliko ulimi wake ulivyoonyesha, alilichukua kopo na kuliweka mbali.

Mezani waliletewa kartacze, matonge ya viazi makubwa kama ngumi, yenye jina la risasi za mizinga, yamejazwa nyama ya kusaga na kumwagiwa vitunguu na vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa vikakauka. Mawili humshibisha mkulima. Alojz alikula manne.

"Polepole, shemeji," alisema Gienia. "Hospitali iko mbali na mimi sina gari."

"Tamu," alisema Alojz, na hakuwa akijipendekeza. Yalikuwa matamu kweli, na utamu huo ndio uliomuuma. "Pola, kwa nini hukuwahi kutupikia haya kwetu?"

Gienia aliweka uma chini.

"Nilipika," alisema Apolonia. "Nilikuwa na mimba ya Rita, nayatamani mpaka nalia. Nikakwaruza viazi tangu asubuhi. Mama yako akasema nyumbani kwake hazipikwi risasi za mizinga, akampa mbwa. Na wewe ukacheka."

"Sikumbuki, Pola."

"Najua hukumbuki."

"Nisamehe."

"Nilishakusamehe kitambo. Wala sikutaka umgombeze mama yako siku ile. Nilitaka ule moja tu."

Alojz alimgeukia mkewe. "Rudi nyumbani. Utapika utakacho. Hata kila siku, mimi nitakwaruza."

"Kula, yanapoa," alisema Apolonia, na hakusema kwa ukali.

Basi la kurudi lilikuwa saa tisa na robo. Ilipokaribia saa tisa Apolonia aliinuka, akatoa chupa mbili kubwa za kioo zenye midomo mipana, akazijaza kartacze, akazikaza vifuniko na kuzifunga kwa gazeti. Gienia akaongeza soseji na kipande cha jibini.

"Za njiani," Apolonia alisema. "Zitakazobaki, zikate vipande, uzikaange kwa siagi."

Alojz alikuwa amemwona akifungasha hivyo mara nyingi, kwa wajomba, kwa padri, kwa marafiki wa Rita, kwa kila mgeni aliyeondoka nyumbani kwao. Na kila mara yeye alikuwa upande wa wenyeji, amesimama mlangoni kando ya mkewe, wakipunga mikono. Akaupokea mfuko kwa mikono miwili, akashukuru, akauliza kituo cha basi la kurudi kiko upande gani.