Maswali Mwisho

Mkutano ulifanyika kwenye kivuli cha ghala, wakulima wamekalia magunia matupu. Mtaalamu wa udongo, ambaye nyuma ya kisogo chake walimwita Bwana Vigingi, alichora chini kwa ncha ya kigingi. Kila shamba la majaribio lina vipande vinne: cha mbolea ya dukani, cha samadi, cha mchanganyiko, na cha bila kitu, ili tofauti ionekane. Hicho cha mwisho kisitiwe hata jivu. Akitia mmoja, wote wanakosa mbolea.

Mke wa fundi baiskeli akanyoosha mkono. Shamba lake lilikuwa dogo, na kigingi cha bila kitu kilishachomekwa pale wanapopata mahindi ya kula.

"Maswali mwisho, mama."

Mwisho haukufika. Dereva alipiga honi, Bwana Vigingi akautazama ule mkono, akashukuru kwa kuungwa mkono, akapanda gari. Mwanamke akataka kuushusha. Haukushuka.

Nyumbani mumewe aliujaribu kwa mafuta ya mnyororo. "Haujakwama huu," akasema. "Unasubiri."

"Usubiri," akasema mama mkwe. "Angalau tumepata pa kutundika taa."

Wakatundika taa. Msimu ule alipalilia kwa mkono wa kushoto na kulala ameketi. Kilichowasumbua ni vidole: vilipiga ta, ta, ta, kama vya mwanafunzi anayetaka kuteuliwa. Gari likiunguruma barabarani, mkono ulimvuta mpaka ukingoni, sufuria ikaungua. Likipita, alirudi. Akikaa, likisikika jingine, alisimama tena.

Kipande cha bila kitu kikageuka manjano. Mama mkwe aliokota kibunzi, akakigeuzageuza.

"Mimi na huyu tumelingana meno," akasema. Wakaanza kula mara moja kwa siku.

Bwana Vigingi alirudi na kamera. Alifurahi kuukuta mkono bado uko juu; akampiga picha kando ya kigingi.

"Tofauti umeiona, mama?"

"Nimeiona, baba. Ila swali langu..."

"Ndiyo faida ya kushirikishana hiyo. Maswali mwisho."

Akaeleza kwamba utafiti unaendelea, na ili matokeo yalingane, kipande cha bila kitu kibaki palepale. Akakigongomea kigingi upya. Alipopanda gari, mwanamke aliushika mlango kwa mkono wa kushoto.

"Hapo pa bila kitu, sisi tunakula nini?"

"Swali zuri sana," akasema Bwana Vigingi, akipandisha kioo taratibu asimbane vidole. "Lilete mkutano ujao."

Mwanamke akaunyoosha na wa kushoto, asipitwe tena.

Jioni mama mkwe alitundika taa ya pili, akavuta kigoda, akaanza kumlisha kwa kijiko. Vidole vya mikono yote miwili vilikuwa vikipiga ta, ta, ta. Kumlisha hakukuchukua muda. Chakula chenyewe kilikuwa kidogo.