Mabati ya Asumani

Nyumba isiyo na paa haiulizwi bei, huulizwa kwanza kilichobaki. Ndivyo alivyofanya Onzima, mfanyabiashara wa Arua, alipofika Koboko kuitazama nyumba ya Mariam Poni. Alisimama katikati ya chumba cha kulala, akatazama juu, akaona mbingu tupu na mwewe mmoja. Akatazama chini, akaona mpapai uliojiotea mahali palipokuwa na kitanda.

"Mama Afisa," akasema, "hii iko nyumba ama iko shamba ya papai?"

Mariam Poni hakukasirika. Miaka minane ya ukimbizi kule Sudan ilimfundisha kungoja foleni ya unga, foleni ya maji na foleni ya dawa. Atashindwaje kumngoja mtu mmoja amalize mzaha wake?

"Kata papai, itabaki nyumba," alimjibu. "Tofali ya kuchoma hiyo. Piga ngumi uone kama ukuta ndiyo italia ama wewe."

Onzima alicheka. Alikuwa mtu mnene, mwenye kofia ya kufumwa na lori moja lililopeleka chumvi na sabuni mpaka Oraba, na siku nyingine likavuka hadi Kaya, upande wa Sudan. Alitaka stoo hapo Koboko, mzigo wake usilale barabarani. Alizunguka nyumba mara mbili, akahesabu hatua, akakwangua udongo wa ukutani kwa ukucha, akanusa kama mtu anayenunua samaki mkavu. Halafu akataja bei. Aliitaja kwa ng'ombe, maana mwaka ule wa themanini na nane pesa ilikuwa imetoka kukatwa sifuri na watu walikuwa hawajaiamini bado.

"Hivi bila bati, ng'ombe tano. Na bati, kumi na mbili. Lakini bati nione na macho yangu. Mimi sinunui hadithi."

"Bati iko. Thelathini na mbili. Rudi Alhamisi."

"Iko wapi?"

"Nimesema rudi Alhamisi, baba."

Kule Arua, mtaa wa Oli, palikuwa na nyumba ndogo ya vyumba viwili, hatua mia moja kutoka mlango wa binti yake, Afisa. Mwenye nyumba hiyo alikuwa anahamia Kampala, akataka ng'ombe kumi, na aliahidi kungoja mpaka mwezi wa Ramadhani uandame. Katika watoto saba wa Mariam Poni, Afisa ndiye pekee aliyebaki hai, na Afisa alikuwa na mtoto mmoja, Hajara, wa miaka mitatu. Lakini Afisa alikaa kwa mumewe, na kwa desturi yetu mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe, hata mvua inyeshe mawe. Mara mbili Mariam Poni alikwenda Arua kuwaona, na mara zote mbili alilala kwa jirani, akimsikia mjukuu wake akilia ng'ambo ya ua, asiweze kwenda kumbeba. Basi nyumba ya Oli haikuwa nyumba tu kwake. Ilikuwa ni kumsikia mtoto analia na kuinuka kwenda.

Afisa akaja kutoka Arua kumsaidia mama yake, Hajara mgongoni. Kwa siku tatu waliipamba ile nyumba kama wanampamba bibi harusi mzee. Waliukata mpapai na kuchimbua mizizi yake. Walizoa mavi ya mbuzi wa watu, maana mbuzi wa mtaa mzima walikuwa wamepafanya kwao. Walichota udongo wa kichuguu, wakauchanganya na samadi ya ng'ombe, wakapaka kuta kwa viganja, viganja viwili vya mama na viwili vya binti, mpaka mistari ya vidole ikakaa ukutani kama mawimbi. Chini kabisa, kiasi cha goti, wakapaka weusi wa mawe ya redio, betri zilizokufa, zilizotwangwa kwenye kinu kibovu. Hajara naye akapaka, zaidi tumboni kwake.

"Onzima akiona hii atasema ni hoteli," Afisa akasema.

"Aseme ni ng'ombe kumi na mbili. Hoteli atajua mwenyewe."

Ikabaki kazi ya mabati.

Mwaka wa themanini, habari zilipokuja kwamba askari wa serikali mpya wanakaribia, watu walisema askari hao wanabeba kila kitu, bati, milango, hata misumari. Asumani, mume wa Mariam Poni, aliyekuwa dereva katika jeshi la zamani, hakupoteza muda. Tangu alfajiri alipanda juu, akang'oa bati moja moja, Afisa akizipokea chini. Alizipaka oili chafu ya gari, akazifunga kwa turubai la lori, akachimba shimo refu nyuma ya nyumba. Alipokwisha kuzilaza akazifukia, akaweka tuta juu, akalielekeza kibla sawasawa, akasimika kijiti kichwani na kijiti miguuni. Mtu yeyote akipita aone kaburi la Mwislamu na aliache. Kisha akasimama, akafuta jasho, akasema, "Haya bati, pumzika." Wakacheka wote watatu, na risasi zinasikika.

Asumani hakurudi kuzifukua. Alikufa kambini, mwaka wa tatu, akazikwa kule Sudan kwenye safu ndefu ya makaburi yanayofanana.

Wiki mbili kabla ya hapo, Mariam Poni alipofika Koboko na kuazima jiko la jirani la kulala, tuta alilikuta. Kitu kimoja tu kilimshangaza. Lilikuwa safi, halina jani. Kandokando lilizungushiwa kokoto nyeupe za mtoni, na hizo kokoto Asumani hakuziweka.

"Ona vile watu wanaheshimu," alimwambia Afisa, akicheka mpaka akashika kiuno. "Miaka nane wanapalilia kaburi ya bati! Na lilivyo refu! Lazima walisema huyu marehemu alikuwa twiga."

Jumatano asubuhi Afisa alishika jembe, maana mgongo wa mama yake haukuweza tena. Mariam Poni alizitoa zile kokoto, akazipanga kando ndani ya ungo, kwa sababu hakuwa mtu wa kutupa kitu ambacho mwingine amekiokota. Udongo ulikuwa laini. Afisa alichimba upande wa kichwa, akateremka, jembe linaimba, mpaka shimo likafika kiasi cha mkono, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole.

"Mama! Mnachimba nini hapo?"

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama penye njia, kapu la mbegu za simsim kichwani. Hakuwa mzee, ila uso ulikuwa umekwenda mbele ya umri. Alilitua kapu vibaya na simsim ikamwagika. Hakuitazama.

"Tunachimba kitu yetu," Mariam Poni akajibu. "Hii iko boma yangu. Wewe nani, binti?"

"Mimi Driwaru, nimeolewa Midia." Tayari alikuwa amekwisha kupiga magoti. "Mama, tafadhali. Weka jembe. Mutoto yangu iko hapo."

Afisa alibaki na jembe juu, hewani. Alilishusha polepole sana, upande wa pili, kwenye majani.

Driwaru akaeleza, macho yakiwa shimoni. Walitoka Maracha kwa miguu mwaka wa themanini, yeye na mumewe, na mtoto wao Ezati wa miaka miwili mgongoni mwake, anaumwa surua. Walitaka kuvuka mpaka pale Oraba kabla barabara haijafungwa. "Tulifika hapa, mimi nasikia mgongo yangu imekuwa baridi. Sikusema. Nilitembea tu, nilisema nikisema itakuwa kweli. Bwana yangu ndiyo alitazama."

Hawakuwa na jembe. Watu walikuwa wanakimbia, wengine wanawasukuma wapite. Mumewe akaona nyuma ya nyumba hii kaburi jipya, udongo haujashikana. Wakachimba kwa mikono na kwa sufuria.

"Sisi watu ya msalaba, tuliona hii kaburi ni ya Waislamu. Tulifanya nini? Tulipiga hodi." Driwaru alikunja kidole, akagonga udongo mara tatu, taratibu, kama mlango wa mtu mkubwa. "Nikasema, wewe mwenye kulala hapa, mzee ama mama, sijui, sogea kidogo. Shikia mimi huyu mutoto. Yeye anaogopa giza."

Kisha akalala kifudifudi, akaingiza mkono shimoni, akapima. Kiwiko kikagusa ukingo, vidole vikagusa chini. "Sisi tulimweka mikono miwili," akasema. "Umefika mukono moja." Akamtazama Afisa bila ukali wowote. "Imebaki kama hii."

Afisa aliitazama mikono yake mwenyewe. Akaipangusa udongo kwa kanga, kidole kwa kidole.

Mariam Poni alikaa chini, kando ya ungo wa kokoto. Kitu kilimpita kuanzia utosini, kama pale muadhini anapoanza ghafla na wewe ulikuwa unapiga soga. Alikuwa amecheka hapahapa, habari ya twiga. Na miaka yote hiyo, yeye akiwa kambini akiwaambia wanawake wenzake hila ya mumewe, nao wakicheka, mahali hapa palikuwa pamebishwa hodi na pamepokea mgeni. Mtu alikuwa anatembea kutoka Midia kuja kupasalimia. Asumani alidhani amefanya kaburi la uongo, na kumbe alipoondoka haikufika hata jioni, likawa la kweli.

"Tangu turudi Uganda mwaka jana nakuja kila mwezi, siku ya soko," Driwaru akasema. "Nakuta nyumba haina mutu, napalilia, naenda. Leo Mungu amekuleta. Mama, yeye ni nani yako, mwenye kulala hapo chini? Miaka nane namshukuru bila jina."

Hapo Mariam Poni alifumbua kinywa, na ndani ya kinywa hicho kulikuwa na mabati thelathini na mawili, na nyumba ya Oli, na kilio cha Hajara ng'ambo ya ua. Neno moja tu lingetosha. Mwanamke huyu angeelewa, bati ni bati, angemhamisha mtoto wake yeye mwenyewe kwa mikono yake. Lakini tangu siku hiyo angejua kwamba usiku ule, na kila usiku baada yake, Ezati alilala peke yake.

"Asumani," akasema. "Jina yake Asumani. Bwana yangu."

Afisa aligeuka akamtazama mama yake.

"Alikuwa anapenda watoto?"

"Huyo?" Mariam Poni akasema, na hapa hakuhitaji kutafuta maneno. "Watoto walikuwa wanapanda yeye kama muti. Akitoka kazini hawezi kuvua viatu, mmoja iko kwa shingo, mmoja iko kwa mguu."

Driwaru aliitikia kwa kichwa mara nyingi. "Nilijua," akasema. "Nilijua tu."

Waliurudisha udongo wanawake wote watatu, kwa mikono. Jembe hakuna aliyeligusa tena. Hajara aliwaletea kokoto moja moja kutoka kwenye ungo, na kila moja alitaka aambiwe ahsante.

Alhamisi Onzima akaja na kamba ya kupimia na kijana wa kuishika. Aliziona kuta, akapiga mluzi. "Mama Afisa, sasa hii iko nyumba. Bati iko wapi?"

"Iko kwa ardhi. Itabaki huko."

Akamweleza yote, kwa sauti ndogo, maana Driwaru hayupo lakini udongo upo. Onzima alisikiliza, kofia akiisogeza mbele na nyuma. Alikuwa mfanyabiashara, ila hakuwa mtu mbaya.

"Mama, mimi pia nilikimbia. Najua," akasema. "Lakini kuna wazee wanajua kuhamisha mutu kwa heshima. Mbuzi, sanda, dua, yote nitalipa mimi. Mama wa mutoto tutaongea naye vizuri. Na bei iko palepale, kumi na mbili. Naongeza ndama. Kumi na mbili na ndama, mama! Nani Koboko atakupa hiyo?"

Hakuna, na Mariam Poni alilijua hilo. Alimgeukia binti yake, kwa sababu nyumba ya Oli ilikuwa ya wote wawili, na yeye alikwisha kutumia neno lake jana bila kumuuliza mtu.

Afisa alimhamisha Hajara kutoka kiuno cha kulia kwenda cha kushoto.

"Mzee Onzima, ile jembe ni mimi nilishika," akasema. "Ilibaki mukono moja. Mimi tangu jana sijashika hata mwiko wa ugali sawasawa. Hakuna mutu atachimba hapo."

"Basi bila bati. Tano. Nijenge stoo yangu mpaka kwa ua ya nyuma."

"Kwa ua ya nyuma utapitisha lori juu yao," Mariam Poni akasema. "Onzima, mwanangu, umetoka mbali, nimekupotezea siku mbili, nisamehe. Nilikuambia nyumba iko na bei. Nilikuwa sijui nyumba yangu. Nenda uulize kwa Silvester pale karibu na kituo cha mafuta, kiwanja chake kiko wazi."

Onzima akaenda mwenyewe mpaka nyuma ya nyumba. Walimwona anasimama mbele ya kokoto, anavua kofia, anachuchumaa. Midomo yake ilicheza kidogo. Aliporudi hakutania tena, alisema tu kwamba lori linarudi Arua na Afisa akitaka apande bure.

Wiki iliyofuata Driwaru alileta nyasi za kuezekea, mizigo minne, yeye na shemeji zake. Kuta za tofali za kuchoma zikavaa nyasi. Mwezi wa Ramadhani uliandama, na nyumba ya Oli akaichukua mtu mwingine.

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Siku ile ya Alhamisi Afisa alipanda lori peke yake, Hajara akamwachia mama yake. Aliposimama juu ya magunia alikuwa analia na anatoa amri kwa pamoja.

"Maharagwe usimpe jioni, anajaza tumbo! Na kitandani anakojoa, mama, weka mkeka! Na akikataa uji..."

"Nimelea saba," Mariam Poni akampigia kelele kutoka chini, Hajara mgongoni amekwisha kufungwa kwa kanga. "Wewe mmoja wa hao, na ulikojoa mpaka darasa la kwanza. Kaa chini, utaanguka!"

Lori likaondoka. Hajara akaanza kulia, na bibi yake akaanza kumbembeleza, akitembea naye uani, mbele na nyuma, mbele na nyuma.