Maji Chini ya Shamba la Igoki

Igoki aliporudi kwao karibu na Siakago, ndoa ikiwa imemshinda, kaka yake Mbaka alimwonyesha kipande cha mwamba kilichokataa hata mtama, akasema hiyo ndiyo sehemu yake. Alidhani atakichukia aondoke. Igoki akashukuru, akahangaika na ofisi ya ardhi mwaka mzima, akarudi na hati yenye jina lake. Tangu siku hiyo Mbaka hakumsalimu.

Kisha mvua ikakosa misimu miwili, Igoki akaanza kuchimba kisima kwenye mwamba wake. Wanaume waliopita na mbuzi walimwambia mwamba ule hauna maji, na tena kuchimba kisima si kazi ya mwanamke. Akawajibu kwamba wakimpata mwanamume wa kumchimbia wamlete. Akaendelea na binti yake Caroline, mmoja akichimba, mwingine akivuta ndoo za mawe juu.

Wiki ya tano, asubuhi, mtaimbo ulitoboa mwamba chini ya miguu yake, ukamponyoka mikononi ukatumbukia. Hakusikia ukigonga chini. Alisikia mvumo, kama mvua inayokuja kutoka mbali, na upepo baridi ukampanda miguuni. Caroline alimvuta juu, akamsihi wafukie shimo. Igoki hakutaka hata kulisikia hilo. Kesho yake walilipanua, wakafunga kamba kwenye mti wa mgunga, akateremka na tochi shingoni.

Chini kulikuwa na pango pana kuliko kanisa lao. Ukutani, juu kabisa, maji yalibubujika kutoka kwenye ufa, yakaanguka kimo cha nyumba ya ghorofa mbili, yakapiga bwawa jeusi na kupotelea chini ya mwamba. Miaka yote hiyo alikuwa amebeba mitungi mgongoni kutoka mtoni, akipita juu ya maji haya. Aliingia na nguo zake, akasimama chini ya maporomoko mpaka meno yakagongana. Alilia, kisha akakasirika.

Habari zilienea. Siku ya nne Mbaka alifika na Oscar, mwenye mashine za kusaga kokoto, ambaye Mbaka alikuwa amemwahidi mwamba huo zamani. Walikuja na baruti. Mbaka alitangaza kwamba ukoo umekaa na kuamua: ardhi ya baba haiendi kwa binti.

Igoki alishika kamba akateremka mpaka nusu ya shimo, pale palipokuwa na ukingo wa kukalia.

"Nimekaa," alisema kutoka chini. "Lipueni."

Mbaka alimwambia Oscar aendelee, kwamba Igoki atatoka tu. Oscar aliwatazama wanawake waliokuwa wamekuja na mitungi yao, hakuna aliyesogea. Akamuuliza Mbaka kama ana hati. Mbaka akaanza kueleza habari za ukoo. Oscar akapakia baruti yake akaondoka.

Jioni hiyo Gladys, mke wa Mbaka, alikuja na mtungi, macho chini. Igoki aliujaza mwenyewe.

"Mwambie mume wako maji atakunywa," alisema. "Shamba hapati."

Mbaka alienda mahakamani, na kesi haijaisha. Kila inapotajwa mbele ya hakimu, Igoki huvaa gauni lake la kanisani, huketi kiti cha mbele, na mchana hurudi kuwasha pampu aliyoifunga kupandisha maji ya pangoni.