Upande wa Bénie

Kila Jumamosi saa nane mchana, wanawake kumi na mmoja hukutana katika ukumbi wa kanisa moja la Fairfield, Sydney, kushona kwilti, yale mablanketi ya vipande vya vitambaa vilivyoungwa vikawa kitu kimoja. Anayewafundisha ni Peninah, nesi Mkenya, mcheshi kwa kila jambo isipokuwa mshono. Ukutani amebandika karatasi yenye mafunzo waliyoyapata kwa kukosea. Kifue kitambaa kabla hujakikata, la sivyo kitanywea mwisho wa kazi. Usishone ukiwa na hasira. Kosa lifumue lingali changa.

Chibalonza, Mkongo anayepanga maboksi katika ghala la Ingleburn Jumatatu hadi Ijumaa, alikuwa na kosa lake mwenyewe. Alijifunzia kushona kwenye vitenge, na kitenge halisi hakina mgongo. Rangi imezama pande zote mbili, ukikigeuza hakikasiriki. Vitambaa vya Sydney vina uso na vina kisogo. Basi Julai moja akaunga kipande cha pamba ya buluu kisogo kikiwa nje.

"Mama Clarisse, hiyo umegeuza," Peninah akamwambia, akimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza. "Ndani iko nje. Fumua sasa hivi. Usipoziba ufa..."

"Nitajenga ukuta, najua."

Chibalonza akachukua kisu kidogo cha kufumulia, lakini uzi ulikuwa umebaki kidogo sindanoni na yeye hatupi kitu. Akasema aumalize kwanza. Akachomeka sindano katika kile kipande, akapeleka mkono chini kuipokea. Haikuwepo. Akangoja, kama unavyomngoja mtu aliyeingia chumba cha pili. Baada ya muda sindano ikapanda yenyewe, imetungwa uzi mwekundu wenye vumbi, ukinuka moshi wa kuni. Pigo la uzi lililoachwa pale lilikuwa limelala kushoto, kama la mtu anayeshona kwa mkono wa kushoto.

Alimjua mshonaji kabla hajavuta. Chibalonza amezaa watoto watano, na faili lake la uhamiaji lina wanne. Siku majina ya kwenda Australia yalipoandikwa katika kambi moja ya wakimbizi mkoani Kigoma, Tanzania, Bénie, wa pili kuzaliwa, yule wa mkono wa kushoto, alikuwa amelala zahanati na homa. Karani akasema ataongezwa baadaye. Hiyo baadaye sasa ina miaka minane, na Bénie, aliyebaki kule, ana kumi na tisa.

Jioni alimpigia simu.

"Maman, sindano yako ilitokea mu kikwembe yangu," Bénie akasema, akimaanisha kitenge chake. "Nilikuwa nakishona asubuhi. Nikaona usiikose, nikairudisha."

"Umekula?"

"Nimekula."

Tangu hapo wakawa wanashona wote wawili, saa nane ya Fairfield, saa moja asubuhi ya Kigoma. Mama alishusha sindano, binti akaipandisha. Walijaribu kupitisha kidole, hakikupita. Walijaribu noti, ikakwama. Kitambaa kilipitisha sindano na uzi, basi.

Peninah alivaa miwani, akakagua kile kipande.

"Mapigo ya msichana wako ni marefu sana," akasema. "Mwambie ayafupishe. Na hiyo kipande bado itabidi ifumuliwe."

"Miye sitaifumua. Kule nyuma kuko mutoto wangu."

Jumamosi iliyofuata mapigo yalikuja mafupi, yamepangika vizuri. Peninah akaridhika, na hakuzungumzia tena kufumua.

Mwezi wa Agosti ikaja barua ya tatu kutoka ofisi ya uhamiaji, nayo ilisema kama zile mbili: hakuna kumbukumbu ya mtoto huyo. Chibalonza aliisoma akasikia hasira hadi kwenye meno. Akaomba ruhusa kazini, akamwarifu Bénie, akakunja kwilti kwenye mfuko wa plastiki, akapanda treni hadi ofisi hiyo, kule Liverpool ya Sydney. Saa tisa alasiri aliitwa kwenye kaunta. Ofisa alikuwa kijana mpole mwenye ndevu zilizochongwa, na mkalimani alikuwa sauti tu kwenye simu.

Chibalonza akatandaza kwilti juu ya kaunta, akachomeka sindano. Ikashuka na uzi mweupe, ikapanda na uzi mwekundu. Ofisa akatazama mara tatu. Kisha akaandika kitu kwenye kompyuta.

"Mama, anauliza kama huo uzi una risiti ya posta," mkalimani akasema.

"Mwambie hauna."

"Anasema bila risiti hauwezi kuingia kwenye faili. Anasema system inaonyesha watoto wanne."

"Hawo wane, nani aliwaandika?"

Mkalimani akauliza, akarudi. "Karani wa kambini."

"Basi mbona ni miye nafumuaka kila mwaka? Form hii, form ile, picha, shahidi, damu." Akatoa kisu cha kufumulia, akakiweka mbele ya ofisa. "Kwetu kwa kushona, mwenye kukosa njo anafumua. Kisu ni hiki. Afumue."

Ofisa alisikiliza tafsiri hadi mwisho. Akaeleza kwa upole kwamba vitu vyenye ncha haviruhusiwi kwenye kaunta. Akakitia kisu kwenye bahasha, akaandika juu yake jina kamili la Chibalonza bila kukosea hata herufi moja.

Wakati huo sindano ikaanza kupanda na kushuka yenyewe. Safari hii Bénie hakumngoja mama. Uzi mwekundu ulitembea kutoka kulia kwenda kushoto, na herufi zikatokea zimegeuka, moja baada ya nyingine, hadi jina lake la kwanza likatimia. Ofisa akainamisha kichwa huku, akakiinamisha kule. Akainua kwilti akachungulia chini, akaona kaunta yake.

"Anasema jina halisomeki," mkalimani akasema. "Anasema aliyeliandika amekosea."

"Mwambie upande wake liko sawa."

Mkalimani akatafsiri. Ofisa akashukuru kwa kufika kwake, akasema uamuzi haujabadilika na barua ya nne itamfikia nyumbani. Akabonyeza kitufe.

Namba arobaini na mbili ikaitwa. Mwenye namba hiyo, mzee mwenye kofia, akaja akasimama nyuma ya Chibalonza, akaona kinachoendelea, akarudi kukaa. Mlinzi naye akasogea. Chibalonza hakuinuka. Jina la ukoo lilikuwa ndiyo kwanza linaanza, na uzi ulikuwa bado mrefu.